Taipureta Isipimwe kwa Kilo

Tarehe 4 Desemba 2009, nyumba ya mnada ya Christie's jijini New York iliuza taipureta ndogo, Olivetti Lettera 32, kwa dola 254,500. Haikuwa ya dhahabu wala haikuwa mpya. Mwenyewe, mwandishi wa riwaya Cormac McCarthy, alikiri kwamba hakuwahi kuipeleka kwa fundi. Vumbi likizidi, aliipuliza kwa mpira wa upepo wa kituo cha mafuta. Aliinunua kwa dola 50 katika duka la rehani mjini Knoxville, akaichapia vitabu vyake vyote, maneno ambayo yeye mwenyewe aliyakadiria kufika milioni tano. Wathamini wa mnada walitarajia dola 15,000, au 20,000 bahati ikiwa nzuri. Fedha zote zilikwenda kwenye taasisi ya utafiti ya Santa Fe, naye mzee akatafutiwa na rafiki yake Olivetti nyingine kama ile, iliyopatikana kwa chini ya dola 20, akaendelea na kazi.

Mashine mbili zilizotoka katika ubao uleule wa mchoraji: moja inanunua nyumba, nyingine haifiki bei ya viatu vizuri. Tofauti yao ni historia inayoweza kuthibitishwa, basi. Na wakusanyaji wa taipureta ni watu wasiopitwa na jambo. McCarthy alikumbuka kuwa aliinunua mwaka 1958. Wajuzi wa Olivetti wakasema hapana, Lettera 32 ilianza kuuzwa mwaka 1963. Riwaya zake walizipenda, tarehe yake waliikataa.

Huku kwetu mashine kama hizo zina safari nyingine. Zilipiga barua za wakuu wa wilaya, hukumu za mahakimu, mihtasari ya vyama vya ushirika, matokeo ya mitihani na barua za kufukuzwa kazi. Kompyuta zilipoingia zikapelekwa stoo, zikawekewa mafaili juu, kisha siku ya kusafisha stoo zikapandishwa kwenye mkokoteni wa chuma chakavu pamoja na fremu za madirisha na jiko la mkaa lililotoboka. Mizani ikasoma kilo. Taipureta kubwa ya mezani inapita kilo 12 bila shida, kwa hiyo muuzaji huondoka ameridhika.

Huo ni upotevu, na haufanani na ule wanaoulalamikia wapenda vitu vya kale, kwa sababu si urembo wa sebuleni unaopotea. Kinachopotea ni mashine inayofanya kazi, ujuzi wa kuifanya ifanye kazi, na ushahidi wa jinsi serikali, misheni na biashara za Afrika Mashariki zilivyoandika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Mkusanyaji anayetakiwa hapa si lazima awe na pesa. Awe na daftari, rafu imara, na namba ya simu ya fundi.

Taipureta yenyewe ni ndugu wa cherehani, na kwa ushahidi wa kiwandani. Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti wa Milwaukee, na wenzake walipata hataza mwaka 1868. Miaka mitano baadaye waliipeleka mashine yao kwa kampuni ya Remington huko Ilion, jimbo la New York, iliyokuwa ikitengeneza bunduki na pia vyerehani. Kazi ikakabidhiwa upande wa vyerehani, na mashine zilizoingia sokoni mwaka 1874 zilionyesha zilikotoka: zilichorwa maua, zilisimama juu ya meza ya chuma, na baadhi zilikuwa na pedeli ya mguu ya kurudisha karatasi mwanzo wa mstari. Bei ilikuwa dola 125. Ziliandika herufi kubwa tupu, na mpigaji hakuona alichoandika mpaka mistari kadhaa ipite, kwa kuwa vijiti vya herufi vilipiga karatasi kutoka chini. Mark Twain alikuwa miongoni mwa walioinunua mapema. Herufi ndogo zilikuja na Remington No. 2 mwaka 1878, na maandishi ya kuonekana hapohapo yakashika soko mwishoni mwa karne, pale Franz Xaver Wagner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alipobuni mashine iliyokuja kujulikana kwa jina la Underwood.

Underwood No. 5 ndiyo iliyomaliza ubishi. Ziliuzwa kwa mamilioni, na karibu kila taipureta ya ofisini iliyofuata ilifuata umbo lake: vitufe safu nne mbele, vijiti katikati, rola ya mpira juu, kengele ya kuonya kuwa mstari unaisha. Hapo ndipo mkusanyaji mgeni anapoteleza. Anaona tarehe ya 1915, anadhani ameokota almasi. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni, tena kwa chuma kisichokufa, hakiwi adimu kwa kuzeeka tu. Adimu ni mpira wa kuandikia wa Rasmus Malling-Hansen, mchungaji wa Denmark aliyeongoza shule ya viziwi: vitufe vyake vimechomoza juu ya nusu tufe la shaba kama miiba ya nungunungu. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche aliupata mmoja mwaka 1882 macho yalipokuwa yakimsaliti, ukaharibika safarini, hakudumu nao. Iliyobaki duniani ni michache mno, na anayeutaka ajiandae kushindana na majumba ya makumbusho.

Wengi hawafukuzii huo. Wanatafuta mashine za kati ya miaka ya 1930 na 1970, wakati ubunifu ulikuwa umekomaa na viwanda havijaanza kubana chuma. Kila chapa ina tabia. Hermes 3000 ya Uswisi ina mguso laini na rangi ya kijani ya majimaji. Olympia za Ujerumani ziko kama malori, ngumu na hazichoki. Olivetti Lettera 22, iliyochorwa na Marcello Nizzoli na kutoka mwaka 1950, ilipata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1954 na imo katika hifadhi ya jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA. Valentine nyekundu ya 1969, kazi ya Ettore Sottsass na Perry King, nayo imo humohumo, ingawa kwa kuandikia ni mashine ya kawaida sana iliyovishwa gauni zuri. Wanaoilipia fedha nyingi hulipia gauni.

Mkusanyaji mashuhuri kuliko wote ni mwigizaji Tom Hanks, ambaye kwa wakati mmoja alikuwa na taipureta zaidi ya 250. Amesimulia katika filamu ya hali halisi California Typewriter ya mwaka 2016 jinsi ugonjwa ulivyoanza. Mwaka 1978, kijana bado, alipeleka taipureta yake ya plastiki kwa fundi mmoja mjini Cleveland. Mzee akakataa kuigusa. Akamwambia kile ni kitu cha kuchezea, akampeleka rafuni akamwonyesha mashine halisi. Hanks akatoka na Hermes 2000. Miaka ya karibuni ameanza kuzitawanya, akizituma moja moja kwa maduka ya mafundi katika majimbo mbalimbali ya Marekani, kwa kuwa amekwisha kuona kwamba mashine 250 katika nyumba ya mtu mmoja hazina wa kuzigusa.

Hapo ndipo penye kiini. Kilichomwingiza Hanks katika mapenzi haya ni mdomo wa fundi, na anakozirudisha ni mikononi mwa mafundi. Mkusanyo usio na fundi ni mzigo wa chuma wenye majina ya kigeni. Duka lenyewe lililoipa filamu ile jina, la Berkeley, California, limekwisha kufungwa. Nchini Marekani bado wapo wengine, na kuna vijana wanaojifunza kwao. Profesa wa falsafa Richard Polt wa Chuo Kikuu cha Xavier aliwaandikia kitabu kizima mwaka 2015, The Typewriter Revolution, cha kuwafundisha kununua, kusafisha na kutumia. Je, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Kampala? Mafundi waliozunguka ofisi za serikali na begi la bisibisi wengi wamestaafu, na ambaye bado ana nguvu anatengeneza vyerehani au printa. Hakuna aliyemrithi kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Ujuzi wao si uchawi. Taipureta iliyoganda kwa kawaida haijavunjika: mafuta ya zamani yamechanganyika na vumbi na uchafu wa ufutio yakawa gundi. Fundi huondoa kava, hupiga mswaki kwa kimiminika chepesi cha kuyeyusha mafuta, nje penye hewa na mbali na moto, akihadhari kisiguse rangi wala plastiki. Herufi zilizojaa wino, hasa a, e na o, huchokonolewa kwa brashi ngumu na kijiti. Kisha tone dogo la mafuta mepesi ya cherehani panapoteleza sehemu ya juu inayobeba karatasi, na pale vijiti vya herufi vinapojipanga kama sega hakuna mafuta kabisa, kwani yatakusanya vumbi na vijiti vitaganda tena ndani ya miezi michache. Makopo ya kupulizia yanayouzwa kwa ajili ya kulegeza nati zenye kutu ndiyo adui mkubwa. Yanatoa miujiza leo, yanaacha utando kesho.

Pwani ina shida yake. Hewa ya chumvi ya Tanga, Lamu au Unguja haisubiri; mashine iliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari hupata kutu kwenye springi kabla ya mwili. Bara pakavu zaidi, lakini rola ya mpira hukauka kokote ilipo, ikawa ngumu kama jiwe, na herufi zikaanza kutoboa karatasi. Mpigaji mzoefu huweka karatasi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, mlio ukapungua na maandishi yakanyooka. Utepe wa wino si kikwazo: upana wa milimita 13 ulitumiwa na chapa nyingi na bado unatengenezwa, na ukikosa kibiringo chake, unauviringisha kwenye kile cha zamani.

Kuna somo ambalo wakusanyaji wa Milwaukee na Milano hawawezi kulifundisha, nalo ni namna Kiswahili kilivyokaa juu ya vitufe hivi. Lugha yetu haikuhitaji alama juu ya herufi, kwa hiyo mashine ya Kiingereza ilitosha kama ilivyo. Lakini ilitosha kwa jasho. Herufi A, inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiswahili, iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote kwa watu wengi. Kwenye kompyuta hilo halina maana. Kwenye taipureta, nguvu ya kidole ndiyo weusi wa herufi, na sentensi kama "wakamata walanguzi walisafiri" ni mateso ya kidole kimoja. Kongo, Rwanda na Burundi, zilikopita mashine za Kibelgiji, A iko juu, mahali pa Q, na kidole kilekile kinalazimika kujinyoosha kabla ya kupiga. Q na X, kwa upande mwingine, zilikaa mapumziko. Mashine iliyoandika Kiswahili tupu inaweza kuwa na herufi hizo mbili zikiwa kali kama siku ya kutoka kiwandani. Ng'ombe na ng'ambo nazo zilidai kazi ya ziada, kwa sababu katika mashine nyingi za zamani alama ile ya juu ilikuwa juu ya namba 8, nayo ilitaka kitufe cha herufi kubwa kibonyezwe kwanza.

Namba moja ni kisa kingine. Watengenezaji wengi hawakuiweka kabisa. Mpigaji alitumia herufi l ndogo, na alama ya mshangao aliiunda kwa kupiga nukta, kurudi nyuma hatua moja, kisha kupiga alama ya ng'. Maana yake, mwaka wa uhuru wa Tanganyika katika hati iliyopigwa kwa mashine ya namna hiyo si 1961 bali l96l. Jicho la binadamu halishtuki. Programu za kompyuta zinazosoma nyaraka zilizopigwa picha hushtuka, na anayetafuta "1961" katika hifadhi iliyogeuzwa ya kidijitali anaweza kuikosa karatasi iliyo mbele yake. Mtunza nyaraka aliyewahi kukaa mbele ya taipureta hiyo anajua la kutafuta. Asiyewahi atalaumu kompyuta.

Zaidi ya hapo, kila mashine ina mwandiko. Herufi moja imepinda, nyingine imekatika mkia, nyingine inakaa juu ya mstari. Mwaka 1950 ofisa wa zamani wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, Alger Hiss, alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo, na sehemu ya ushahidi ilikuwa kufanana kwa nyaraka za siri na barua za nyumbani zilizopigwa kwa taipureta ya familia yake, Woodstock. Ubishi juu ya mashine ile haukuisha naye. Mwaka 1983 Romania ya Nicolae Ceaușescu iliamuru kila mwenye taipureta aisajili polisi na kuwaachia sampuli ya maandishi yake, ili karatasi ya uchochezi ikiokotwa, mwenyewe ajulikane. Dikteta alielewa mapema kile ambacho wauza vyuma chakavu wetu hawajakielewa: mashine ni shahidi. Katika nchi ambazo kesi za viwanja na mirathi bado huletwa na barua za miaka ya 1960, mashahidi wa namna hiyo wasingepaswa kuyeyushwa kuwa nondo.

Ipo sauti inayopinga, na inastahili nafasi. Waulize waliozitumia kazini. Mhazili mstaafu aliyepitia Chuo cha Uhazili Tabora hakumbuki mlio mtamu, anakumbuka mgongo. Barua moja ilipigwa na nakala tatu za karatasi kaboni, na kosa moja lilifutwa mara nne, au ukurasa mzima ukarudiwa kwa sababu bosi alibadili neno. Stensili ilikuwa balaa zaidi: utepe uliwekwa pembeni ili herufi ikate nta, na usipopiga kwa nguvu zilezile mwanzo hadi mwisho, mtihani wa darasa zima ulitoka na mistari hafifu. Juu ya hayo kulikuwa na hati mkato, ambayo matangazo ya ajira ya serikali ya Tanzania yameendelea kuidai kwa makatibu mahsusi, maneno 80 kwa dakika kwa Kiswahili na Kiingereza, hata baada ya kompyuta kujaa mezani. Kwa mtu huyo, kijana anayenunua taipureta ili ajisikie mwandishi ni kichekesho.

Kicheko chake ni halali. Hata hivyo kinadai jambo moja zaidi kutoka kwa mkusanyaji, kwamba asiweke chuma peke yake. Anayehifadhi Imperial ya Leicester iliyofanya kazi bomani bila kumhoji aliyeipiga kwa miaka 20 amehifadhi nusu, tena ile nusu ndogo. Wahazili na makarani hao wapo hai wengi, wanajua mashine ipi ilikuwa ya bosi na ipi ya masijala, na wanaweza kukaa mbele ya kitufe leo wakapiga bila kutazama. Hakuna mnada unaouza hilo.

Wapo pia wanaoingia kwa mlango mbaya. Ughaibuni kuna biashara ya kukata vitufe vya kioo vya taipureta za zamani na kuvigeuza hereni na bangili. Wakusanyaji huwachukia wakataji hao kuliko kutu, kwani mashine isiyo na vitufe haifufuki. Kuna wanaonunua mashine mpya ndogo kutoka China, zenye sura ya zamani na roho ya plastiki, wakavunjika moyo wiki ya kwanza. Na kuna waliodanganywa na vichwa vya habari vya mwaka 2011, kwamba kampuni ya Godrej ya India imefunga kiwanda cha mwisho cha taipureta duniani. Godrej kweli ilikuwa imeacha, lakini haikuwa ya mwisho: wakati huo kampuni ya Swintec ya New Jersey bado iliuza taipureta za umeme zenye mwili unaoonyesha ndani kama chupa kwa ajili ya magereza ya Marekani, ili askari aone kama mfungwa ameficha kitu ndani.

Anayetaka kuanza hapa asianze na orodha ya majina. Aende na karatasi mfukoni. Aitie kwenye rola, apige kila kitufe, kidogo na kikubwa, asikilize kengele, asukume mkono wa kurudishia, kisha apige tena aone kama sehemu ya juu inasonga hatua moja kila herufi. Ikisonga na herufi zote zikiinuka, vumbi lisimtishe. Ikiwa imekwama, aulize bei ya kitu kilichokwama. Asilipe hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya neno "antiki", hasa mashine ikiwa ya miaka ya 1970, na asiilipie umaarufu wa mwenyewe wa zamani bila karatasi ya kuuthibitisha.

Makumbusho za taifa na idara za nyaraka zina sehemu yao, na haihitaji bajeti ya kutisha: agizo moja kwamba ofisi ya umma isiuze taipureta kabla ya kupiga ukurasa mmoja wa herufi zake zote, kuandika namba yake ya kiwandani, na kuacha ukurasa huo kwenye faili. Ikishafanyika hivyo, mnunuzi wa vyuma akija, angalau mwandiko umebaki.

Nawe msomaji, kama ipo moja chini ya ngazi au juu ya kabati la baba, itoe wiki hii. Usiipulizie chochote. Andika chapa, namba iliyogongwa kwenye mwili wake, ofisi ilikotoka na jina la aliyeitumia, kisha mtafute fundi wa cherehani mwenye umri wa kutosha umuulize kama aliwahi kufungua taipureta. Akisema ndiyo, mpelekee kijana wenu mmoja pamoja nayo, akae atazame.